Mtoto Haongezeki Uzito: Mwongozo Kamili wa Mzazi, Kutoka Kwenye Mizani Hadi kwa Daktari

Mwanangu alipotimiza mwaka mmoja alikuwa na kilo 9.3. Alipofika miezi 18 alikuwa na kilo 9.5. Gramu 200 kwa nusu mwaka mzima. Katika miezi hiyo kila aliyemwona alikuwa na lake la kusema, na mimi usiku nilikuwa nalala nikihesabu vijiko alivyokula mchana.

Daktari tuliyemwendea hakushtuka. Aliomba kadi, akaunganisha nukta kwa kalamu, akanionyesha jinsi mstari ulivyolala chali badala ya kupanda. Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza: "Mama, kwa siku anakunywa maziwa kiasi gani?"

Mimi muda wote nilikuwa nauliza mtoto wa umri huu awe na kilo ngapi. Siku ile nilijifunza kuuliza mstari wake unaelekea wapi, na umeanza kuelekea huko tangu lini. Mwongozo huu nimeupanga kwa kulifuata swali hilo, kwa mtoto wa kati ya miezi 12 na 36. Mimi ni mzazi, si daktari. Ninayoyaeleza ni yale tuliyoelekezwa tukayafanya, pamoja na vipimo vya Shirika la Afya Duniani ambavyo madaktari wa watoto hutumia.

Kwanza kabisa: dalili zisizongoja mwongozo

Ukiona lolote kati ya haya, acha kusoma na umpeleke mtoto hospitali leo hii:

- Miguu yote miwili imevimba, na ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Mtoto wa namna hii anaweza kuonekana mnene kumbe ana utapiamlo mkali.
- Amelegea, hachangamki, au ni vigumu kumwamsha.
- Anakataa kabisa kunywa au kunyonya, au anatapika kila kinachoingia.
- Anaharisha na macho yamedidimia, mkojo umepungua, au kuna damu kwenye choo.
- Anapumua kwa shida, au amepata degedege.
- Anakonda huku ana kiu isiyoisha na anakojoa mno. Kisukari huwapata hata watoto wadogo, na hakisubiri.
- Mzunguko wa mkono wake wa juu, ukipimwa katikati ya bega na kiwiko mkono ukiwa umening'inia, ni chini ya sentimita 11.5.

Kipimo hicho cha mkono hutumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Kati ya sentimita 11.5 na 12.5 mtoto anahesabiwa kuwa na utapiamlo wa kadiri. Hapo panga kumwona mtaalamu ndani ya siku chache, usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Kama hakuna hata moja kati ya hizo, vuta pumzi. Una muda wa kufanya kazi hii kwa utaratibu.

Hatua ya 1: Hakikisha kipimo ni cha kweli

Hofu nyingi huzaliwa na mizani mibovu. Mtoto anapimwa leo akiwa na koti na viatu, mwezi ujao anapimwa akiwa na fulana tu, kisha tunaambiwa amepungua. Nepi iliyolowa peke yake inaweza kuongeza gramu mia kadhaa. Akinywa, akikojoa au akipata choo, uzito unabadilika palepale.

Mpime kwa mizani ileile kila mara, akiwa mtupu au na nepi kavu tu, ikiwezekana wakati uleule wa siku. Kama nyumbani kuna mizani ya watu wazima, panda ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Njia hiyo inakupa makadirio tu. Kwa mtoto ambaye gramu 200 ni habari kubwa, kipimo cha kliniki ndicho cha kuandika kwenye kadi.

Mara moja kwa mwezi inatosha, na kwa mtoto asiye na tatizo hata miezi miwili au mitatu si kosa. Nilipita kipindi cha kumpima kila asubuhi. Sikupata taarifa yoyote ya maana, ila mtoto alianza kulia akiiona mizani.

Urefu nao usiusahau, maana bila urefu uzito ni nusu ya hadithi. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala chali, miguu imenyooshwa. Akishatimiza miaka miwili hupimwa akiwa amesimama. Akisimama hutoka mfupi kwa takriban sentimita 0.7, kwa hiyo usiogope ukiona "amefupika" mara tu baada ya siku yake ya kuzaliwa ya pili. Kupima urefu ni kazi ya watu wawili, mmoja akishika kichwa na mwingine miguu. Kama umeona kipimo kimechukuliwa mtoto akijirusharusha, omba kirudiwe. Huo si usumbufu.

Hatua ya 2: Soma mstari, usisome nukta

Chati iliyo kwenye kadi nyingi za watoto inatokana na vigezo ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2006. Utafiti wake ulifanyika kati ya 1997 na 2003 katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa, mama zao hawavuti sigara, na mazingira yao yaliwaruhusu kukua bila kikwazo. Ikaonekana kwamba watoto wadogo wakitunzwa vizuri hukua kwa kufanana sana, wawe wa taifa lolote. Ndiyo maana chati moja hutumika karibu kila mahali.

Hizi ni baadhi ya namba zake. Ya kwanza ni mpaka wa chini, ya pili ni ya katikati, ya tatu ni mpaka wa juu, zote kwa kilo.

Wavulana:
- Miezi 12: 7.7, 9.6, 12.0
- Miezi 18: 8.8, 10.9, 13.7
- Miezi 24: 9.7, 12.2, 15.3
- Miezi 36: 11.3, 14.3, 18.3

Wasichana:
- Miezi 12: 7.0, 8.9, 11.5
- Miezi 18: 8.1, 10.2, 13.2
- Miezi 24: 9.0, 11.5, 14.8
- Miezi 36: 10.8, 13.9, 18.1

Tazama upana wa nafasi hiyo. Msichana wa miaka miwili mwenye kilo 9.5 na mwenzake mwenye kilo 14 wote wamo ndani ya mipaka. Namba ya katikati si alama ya kufaulu mtihani. Nusu ya watoto wenye afya wako chini yake. Mtoto ambaye tangu utotoni mstari wake unapita chini kidogo, unapanda sambamba na mistari ya chati, anacheza, anajifunza maneno mapya na wazazi wake ni watu wa maumbo madogo, huyo anakua vizuri. Kumfananisha na mtoto wa jirani ni kumwonea.

Kuna jambo lingine ambalo laiti ningelijua mapema. Mwaka wa pili mtoto hupunguza mwendo. Mvulana wa wastani huongeza zaidi ya kilo 6 katika mwaka wa kwanza, lakini katika mwaka wa pili huongeza kilo 2.6 tu, yaani kama gramu 200 kwa mwezi. Hamu ya kula nayo hushuka kufuata mwendo huo. Mtoto aliyekuwa anamaliza bakuli akiwa na miezi 10 anaweza kuacha nusu yake akiwa na miezi 15, na mwili wake ukawa haukosi kitu. Wazazi wengi hutishika hapo, wakaanza kumshindilia chakula mtoto ambaye ameshiba.

Basi mstari unatia wasiwasi lini? Kwa jinsi nilivyoelekezwa:

Umelala, yaani uzito haupandi kwa miezi miwili au mitatu mfululizo. Au umeshuka, namba ya leo ni ndogo kuliko ya mwezi uliopita na kipimo ni sahihi. Au umekata mistari miwili mikuu ya chati kuelekea chini. Au uko chini ya mpaka wa chini. Na upande wa pili, unapanda kwa kasi na kukata mistari kwenda juu huku urefu haufuati.

Mtoto aliyezaliwa njiti ana hesabu yake. Mpaka atimize miaka miwili, ondoa kwenye umri wake wiki alizowahi kuzaliwa kabla ya kutafuta nukta. Mtoto wa miezi 14 aliyewahi kwa miezi miwili husomwa kama mtoto wa miezi 12. Mzazi asipolijua hili anaweza kuteseka bure kwa mwaka mzima.

Chati nyingine, ya uzito kwa urefu, ndiyo daktari wetu aliyoitumia zaidi. Inaonyesha kama mtoto amekonda kwa kimo alichonacho. Mtoto mfupi mwenye uzito mdogo unaolingana na ufupi wake ana maswali tofauti na mtoto mrefu aliyebaki mifupa. Omba uonyeshwe zote tatu: uzito kwa umri, urefu kwa umri, uzito kwa urefu.

Hatua ya 3: Andika siku nne kabla ya kumwona daktari

Hii ndiyo kazi iliyotuokoa, na haihitaji zaidi ya daftari. Kwa siku nne, mojawapo iwe ya mwisho wa wiki, andika kila kinachoingia mdomoni: saa, chakula, kiasi alichokula kweli (si ulichompakulia), na kila kinywaji kwa mililita. Andika pia nani alimlisha, wapi, na ilichukua muda gani. Choo na usingizi viandike kwa neno moja moja.

Vinywaji ndivyo vinavyosahaulika. Mimi ningeapa kwamba mwanangu anakunywa "maziwa kidogo tu." Daftari lilisema karibu mililita 900 kwa siku: chupa ya kuamkia, chupa ya mchana, chupa ya kulalia, na nyingine usiku wa manane. Juu yake kulikuwa na juisi aliyopewa na kila aliyemhurumia kwa kutokula. Chakula chenyewe kilikuwa vijiko vinne au vitano.

Maziwa ya ng'ombe ya mililita 900 yana takriban kalori 550. Mtoto wa umri huo anahitaji takriban 900 kwa siku. Maana yake maziwa yalimjaza tumbo bila kumtosha, na akikaa mezani hakuwa na njaa. Baya zaidi ni madini ya chuma. Anahitaji takriban miligramu 7 kwa siku, lakini maziwa yote yale hayampi hata miligramu moja, na yanazuia mwili kunyonya ile iliyo kwenye chakula. Damu ikipungua, hamu ya kula inapungua zaidi. Anakula kidogo, mzazi anaongeza maziwa, na mzunguko unaendelea.

Hatua ya 4: Ukiwa kwa daktari

Nenda na kadi, daftari, majina ya dawa zote anazotumia (pamoja na vitamini na za kienyeji), na kama inawezekana, mtu anayeshinda na mtoto mchana. Yeye ndiye anayejua kinacholiwa.

Tarajia kuulizwa mengi yasiyohusu chakula. Alizaliwa na uzito gani, mimba ilikuwaje, wazazi wana urefu gani, ameugua nini na mara ngapi, anakoroma usiku, anachoka au kutoka jasho anapokula, choo chake kikoje, nani amehama au amefariki nyumbani. Swali la mwisho si udaku. Mtoto huacha kula kwa huzuni kama mtu mzima. Kama kuna tatizo la fedha au ugomvi nyumbani, liseme pia. Daktari mzuri halitumii kukuhukumu.

Kisha atampima na kumchunguza mwili mzima: rangi ya viganja na kope za ndani, meno na koo, moyo, tumbo, misuli ya makalio na mapaja. Mara nyingi historia na uchunguzi huo vinatosha. Pale mstari unapotia shaka kweli, huenda akaomba kipimo cha damu kuangalia upungufu wake, kipimo cha mkojo kwa sababu maambukizi ya mkojo kwa mtoto mdogo hujificha, na choo kutafuta minyoo na vijidudu vingine. Kulingana na dalili anaweza kwenda mbali zaidi: tezi ya shingo, mzio wa ngano, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, figo, moyo. Orodha hiyo isikutishe. Kwa watoto wengi sababu ni ulaji, si ugonjwa uliojificha.

Usiondoke kabla hujapata majibu ya maswali haya. Mstari wake unasema nini? Tatizo liko kwenye kinachoingia, kinachopotea, au mwili unatumia zaidi ya kawaida? Nibadilishe nini wiki hii? Turudi lini, na tukirudi tutarajie nini? Ni dalili gani ikitokea nirudi mapema?

Ukiambiwa "yuko sawa, usijali," mwombe akuonyeshe kwenye chati usawa huo. Kwa kawaida atafurahi kukuonyesha, na ukiuona mwenyewe utalala. Kama mstari umelala na bado unaambiwa usijali bila maelezo, tafuta daktari mwingine. Mtu wa kwanza tuliyemwendea alituambia watoto wa kiume huwa hivyo, na tukapoteza miezi miwili.

Na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Usimpe mtoto dawa ya kuongeza hamu ya kula au "ya kunenepesha" bila maelekezo ya daktari aliyempima. Baadhi huuzwa kimyakimya zikiwa na steroidi, kama deksamethasoni. Mashavu hujaa kweli ndani ya wiki chache, lakini ni maji na mafuta. Kinga ya mwili inashuka, urefu unadumaa, na kuikatisha ghafla kunaweza kumweka hatarini.

Hatua ya 5: Nyumbani, mstari unapokuwa umelala

Anza na vinywaji. Maziwa ya ng'ombe yawe takriban mililita 500 kwa siku, kwenye kikombe, baada ya chakula au kati ya milo. Chupa ondoa. Sisi tuliiondoa ya usiku kwanza, tukapunguza mililita 30 kila siku mbili hadi ikabaki maji, na maji hayakumvutia. Juisi haina kazi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu isizidi mililita 120 kwa siku, na bora isiwepo. Kama bado ananyonya ziwa la mama, usimwachishe ili ale. Unyonyeshaji unashauriwa hadi miaka miwili na zaidi. Panga tu ziwa lije baada ya chakula mchana.

Halafu ratiba. Milo mitatu na vitafunio viwili, kila baada ya saa mbili na nusu hadi tatu, na katikati ni maji tu. Mtoto anayedokoa siku nzima hafiki mezani na njaa. Siku tatu za mwanzo ni ngumu: atalia, na kila aliye nyumbani ataona unamtesa. Kubalianeni mapema na wote wanaomlisha, maana ratiba inavunjwa na mtu mmoja mwenye huruma na biskuti.

Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo kila kijiko kiwe na uzito. Usiongeze wingi, ongeza nguvu. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula kina takriban kalori 40, na kikichanganywa kwenye mlo wake hata hatakiona. Siagi ya karanga laini, parachichi, yai, maziwa badala ya maji kwenye uji, vyote hufanya kazi hiyo. Kama hajawahi kula karanga au yai, anza kidogo na umwangalie. Supu nyepesi na vyakula vya maji maji hujaza bila kujenga.

Madini ya chuma yapatikane kila siku: nyama iliyosagwa, maini kiasi, samaki, kuku, maharage na dengu, pamoja na tunda au mboga yenye vitamini C mlo uleule, kwa sababu inasaidia chuma kunyonywa. Mwanangu alikutwa na upungufu wa damu na akaandikiwa dawa ya chuma. Tuliambiwa tusimpe pamoja na maziwa, tutarajie choo cheusi, na tuendelee miezi kadhaa hata damu ikipanda, ili akiba ijazwe. Dawa hiyo ni hatari mtoto akiinywa nyingi, hivyo ihifadhiwe asikoifikia.

Sasa lililo gumu kuliko yote, nalo halimo kwenye sahani. Acha kumlazimisha.

Najua jinsi hili linavyosikika kwa mzazi ambaye mtoto wake amekonda. Mimi nilimbana pua mara moja. Nilimfuata na kijiko chini ya meza, nikamwekea katuni afungue mdomo bila kujua. Alikula vijiko vichache zaidi siku ile, na kesho yake akaanza kufumba mdomo akiniona nimebeba bakuli. Mtoto anayelazimishwa hujifunza kwamba chakula ni vita, na kwenye vita hiyo mdomo ni wake. Pia anaweza kupaliwa.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliigawa kazi ya mezani kwa namna ambayo madaktari wengi huifundisha hadi leo: mzazi anaamua kinachopikwa, saa na mahali, mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Ukivuka kwenda upande wake, unaharibu. Ukimwachia upande wako, akaamua yeye kwamba leo ni biskuti, unaharibu vilevile.

Kwa vitendo: mkae mezani pamoja, televisheni na simu vizimwe. Mpakulie kidogo, kama kijiko kimoja cha mezani cha kila chakula kwa kila mwaka wa umri wake, aombe tena mwenyewe. Mwache ashike, achafuke. Baada ya dakika 20 hadi 30 ondoa sahani bila maneno, iwe imekwisha au la, na mlo unaofuata uje kwa saa yake. Usimsifu mno akila, usinune asipokula.

Chakula kigeni akikitema, hajakikataa daima. Watoto wengi huhitaji kukutana nacho mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, na wazazi wengi tunaacha baada ya mara tatu. Kiweke pembeni ya kile anachokipenda, usiseme kitu.

Akiugua, hamu hupotea. Mpe vinywaji na mlo mdogo mara nyingi. Akipona, mwongezee mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili. Hapo ndipo mwili hufidia kilichopotea, na ni nafasi ambayo wengi huiacha ipite kwa sababu mtoto ameshachangamka.

Usalama: chini ya miaka minne usimpe karanga nzima, bisi, pipi ngumu, wala zabibu ambazo hazijakatwa vipande vinne kwa urefu. Ale akiwa ameketi, si akikimbia.

Usingizi nao una sehemu yake. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na za mchana. Aliyechoka hali chakula.

Kama mstari unapanda kupita kiasi

Nitakuwa mfupi, kwa kuwa mengi ni yaleyale. Mtoto mdogo hawekwi kwenye mlo wa kupunguza mwili, na asiyetimiza miaka miwili hapewi maziwa yaliyoondolewa mafuta bila ushauri wa daktari. Lengo huwa ni kumpunguzia mwendo wa kuongezeka wakati urefu unamfuata. Ondoa juisi, soda na chupa ya usiku. Acha kumtuliza kwa chakula kila anapolia. Mwache aseme "nimeshiba" hata sahani ikiwa imejaa. Acheze angalau saa tatu kwa siku, zikigawanywa. Chini ya miaka miwili asikae mbele ya skrini; baada ya hapo isizidi saa moja. Na asisikie mkimwita bonge, hata kwa mapenzi. Mnene asiyekua kwa urefu aonwe na daktari, kwani hapo huenda ni homoni.

Hatua ya 6: Kurudi kupima

Usitafute matokeo baada ya wiki moja. Mwezi mmoja ndio muda wa chini wa kuona mstari umeinuka, isipokuwa daktari amekupa tarehe ya karibu zaidi kwa sababu ya hali ya mtoto. Ukirudi, nenda na daftari jipya la siku nne. Linaonyesha kilichobadilika na kilichoshindikana. Yaliyoshindikana yaseme. Sisi tulikiri kwamba chupa ya kuamkia bado ipo, naye akatupa wiki mbili zaidi bila kutugombeza.

Kama umefuata kila kitu kwa miezi miwili na mstari bado umelala, huo ni wakati wa kuomba rufaa kwa daktari bingwa wa watoto au mtaalamu wa lishe, na vipimo ambavyo havikufanyika mwanzo vifanyike sasa. Vivyo hivyo kama mtoto amepoteza uwezo aliokuwa nao, mfano alikuwa anatembea akaacha. Hapo usingoje hata hiyo miezi miwili.

Mwezi wa kwanza mwanangu aliongeza gramu 150. Wa pili, 300. Alipotimiza miaka miwili alikuwa na kilo 10.9, bado chini ya mstari wa katikati, na daktari akaandika tarehe ya kurudi kuwa baada ya miezi mitatu badala ya mmoja. Siku hiyo alipanda mizani mwenyewe, akashuka, akaulizia mkate wake uko wapi.